Praktiko za biolojia ya molekuli chuoni: mazoezi ya kila wiki, mradi wa muhula mzima, au maabara ya kompyuta?

Muhula mpya ukikaribia, idara nyingi za sayansi huku Kanda ya Ziwa hurudi kwenye mjadala uleule. Darasa lina wanafunzi 60, mashine ya PCR (inayonakili kipande cha DNA mara nyingi mno mpaka kiweze kuonekana) ni moja, vitendanishi vilivyoagizwa kupitia Dar es Salaam bado viko njiani, na mtaala unataka mwanafunzi amalize kozi akiwa anaweza kutoa DNA kwenye sampuli, kuizalisha kwa PCR, kuitenganisha kwa ukubwa kwenye jeli inayopitishwa umeme na kusoma mfuatano wake wa herufi. Mmoja anasema tufuate mwongozo, kila wiki mbinu moja. Mwingine anataka wanafunzi wapewe swali moja la ziwa letu, walihangaikie muhula mzima. Wa tatu anatazama bajeti na kusema tuwapeleke chumba cha kompyuta.

Wote watatu wana hoja, na uamuzi wao una uzito kuliko unavyoonekana kwenye kikao cha idara. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023 ulithibitishwa maabara kwa PCR. Hospitali zetu hupima kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, ambayo ndani ya saa mbili hivi huonyesha kama vimelea vipo na kama vimeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa ya ugonjwa huo. Nyuma ya majibu hayo kuna mtu aliyepita kwenye praktiko za chuo fulani, na namna alivyofundishwa ndiyo inayoamua kama atagundua kipimo kilichokwenda kombo au atakiandika kama kilivyo.

Makala haya ni kwa mhadhiri, mkuu wa idara au mtaalamu wa maabara aliyekwama kati ya njia hizo tatu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo matano. La kwanza ni mikono: je, kila mwanafunzi anashika pipeti mwenyewe, au mmoja anafanya na watatu wanamtazama? La pili ni uamuzi: kuna mahali mwanafunzi analazimika kuchagua, kukosea na kueleza kwa nini? La tatu ni gharama na ugavi, nikijumuisha umeme na ubaridi wa kuhifadhia vimeng'enya. La nne ni mzigo kwa walimu na wataalamu wa maabara. La tano ni usalama na maadili.

Sivipi uzito sawa. Kwangu uamuzi unatangulia, na sababu yake iko kwenye tabia ya mbinu zenyewe. Katika kemia ya kidato cha nne rangi inabadilika mbele ya macho yako. Kwenye PCR kila kitu ni maji maangavu ndani ya mrija mdogo kuliko ncha ya kidole, na ukisahau kitu kimoja hutajua mpaka saa nne baadaye, jeli ikiwa tupu. Mbinu hizi hufeli kimyakimya. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukaa mbele ya jeli tupu akatakiwa ataje sababu tatu zinazowezekana, na namna ya kujua ni ipi, bado hajaijua PCR hata kama amehudhuria vipindi vyote. Idara nyingine inaweza kuanza na gharama, na itakuwa na haki ya kufanya hivyo. Basi isome vigezo vilevile kwa mpangilio wake.

Njia ya kwanza: kila wiki mbinu moja

Hii ndiyo wengi wetu tulifundishwa nayo. Wiki ya kwanza pipeti, ya pili kutoa DNA ya kitunguu au ndizi kwa sabuni ya vyombo, chumvi na spiriti baridi, kisha PCR, jeli, vimeng'enya vya kukata DNA, na pengine kuingiza plazimidi (DNA ndogo ya mviringo) ndani ya *E. coli* mpaka bakteria wang'ae kijani kwa protini ya samaki jeli. Kila kipindi kinasimama peke yake, na majibu yanajulikana kabla.

*Mikono.* Hapa njia hii ina nguvu kubwa kama vikundi ni vidogo, kwa sababu inaruhusu kurudia. Chukua pipeti ya mikrolita 100. Kitufe chake kina vituo viwili: cha kwanza cha kupima, cha pili cha kusukuma tone la mwisho litoke. Mwanafunzi mgeni hubonyeza mpaka kituo cha pili kabla ya kuvuta, hivyo huchukua maji mengi kuliko alivyokusudia, na haoni tofauti yoyote. Weka mizani ya kidijitali mbele yake. Mikrolita 100 za maji zina uzito wa gramu 0.1. Apime mara kumi, aandike, atafute wastani na mtawanyiko wa namba zake. Ndani ya nusu saa atakuwa amejisahihisha bila mwalimu kufungua mdomo, na amejifunza pia tofauti kati ya kipimo kilicho sahihi na kipimo kinachojirudia. Zoezi hili linataka maji tu. Ningeliweka kwenye kozi yoyote, iwe ya njia gani.

*Uamuzi.* Hapa ndipo inapolegea. Mwongozo umeshaamua kila kitu: mikrolita ngapi, nyuzi ngapi, dakika ngapi. Mwanafunzi makini na mwanafunzi aliyelala wanaweza kutoka na jeli inayofanana. Udhaifu huu unapungua ukiacha nafasi wazi kwenye mwongozo. Usimwandikie kwamba mrija wa nne ni wa maji badala ya DNA. Mwulize ni mrija gani utamwonyesha kama vitendanishi vyake vimechafuka. Usimpe joto la kushikisha praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi kunakili. Mpe mfuatano wa praima, akokotoe mwenyewe. Marekebisho hayo hayaongezi gharama, ila yanamtaka mwalimu akubali kwamba vikundi vingine vitapata majibu mabaya.

*Gharama na ugavi.* Kila mbinu ina vitendanishi vyake, na hapo ndipo bajeti inavuja: unanunua seti nzima ya plazimidi kwa kipindi kimoja, inayobaki inaharibika kabla ya mwaka ujao. Kwa upande mwingine, umeme ukikatika umepoteza wiki moja, si muhula. Njia hii inavumilia mikatiko kuliko ile ya mradi.

*Mzigo.* Unatabirika. Mtaalamu wa maabara anajua Jumatatu anaandaa nini, na darasa la 60 linaweza kugawanywa vituo vinne vinavyozunguka: kituo cha jeli, cha pipeti, cha PCR, cha kusoma picha.

*Usalama.* Etidiamu bromidi, rangi ya jeli iliyozoeleka, inashukiwa kubadili vinasaba. Zipo rangi mbadala zilizo salama zaidi zinazoonekana kwa mwanga wa bluu, na kwa darasa la wanafunzi wengi ningezichagua hata kama bei yake iko juu, kwa sababu zinaondoa pia hatari ya mionzi ya urujuanimno machoni. Bakteria waliobadilishwa vinasaba wanahitaji utaratibu wa kuwaua kabla ya kutupwa, pamoja na kufuata kanuni za usalama wa kibayoteknolojia.

Njia hii inawafaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, madarasa makubwa, na programu za sayansi ya maabara za afya, ambako mhitimu atatakiwa kufuata utaratibu uliopitishwa neno kwa neno. Huko utii kwa mwongozo ni stadi yenyewe, na tusiudharau.

Njia ya pili: mradi mmoja wa muhula mzima

Hapa darasa zima linashughulikia swali moja ambalo jibu lake halijulikani, na mbinu zinaingia pale zinapohitajika. Mfano maarufu duniani ni ule mpango wa Marekani ulioanza 2008 chini ya Taasisi ya Howard Hughes, ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo, hutafuta humo virusi wanaoshambulia bakteria, na kusoma jinomu zao, yaani DNA yao yote. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatuna haja ya kuazima swali. Samaki wetu wanatosha.

Fikiria swali hili: je, mnofu uliouzwa kwa jina la sangara ni sangara? Samaki mzima anajulikana kwa macho. Mnofu usio na ngozi haujulikani. Wanafunzi wananunua vipande vidogo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza: mnofu, mapanki (mifupa iliyobaki baada ya mnofu kuondolewa), hata mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), wanavihifadhi kwenye spiriti, wanatoa DNA, na wanazalisha kipande cha jeni la COI lililomo kwenye mitokondria, chenye jozi-besi (herufi za DNA) zipatazo 650. Tangu Paul Hebert na wenzake walipopendekeza mwaka 2003 kwamba kipande hicho kitumike kama alama ya kutambulisha spishi za wanyama, hazina za mifuatano zimejaa, na samaki ni kundi lililoshughulikiwa sana.

Lakini swali lazima lichaguliwe kwa uangalifu, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo miradi mizuri inapokufa. Ukiwaambia wanafunzi watenganishe spishi za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa COI, umewapeleka kwenye ukuta. Ziwa Victoria lilikauka karibu lote miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na mamia ya spishi za furu zimetokea baada ya hapo, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mitokondria zao karibu hazina tofauti. Wanafunzi watapata mifuatano mizuri isiyotenganisha chochote. Vilevile ukitaka kumjua chotara wa sato na ngege, COI itakudanganya, kwa kuwa mitokondria hurithiwa kwa mama pekee na haisemi lolote kuhusu baba. Kwa sangara dhidi ya sato, au samaki wa jamii zilizo mbali, mbinu ni imara. Mwalimu anayejua mipaka hii anaweza hata kuigeuza kuwa swali la mtihani.

*Mikono.* Mwanafunzi anarudia mbinu ileile mara nyingi kwa sababu inashindikana, na kurudia huko ndiko kunakomfanya awe fundi. Ila uangalie vikundi: katika kikundi cha wanne, mwenye mkono mwepesi huachiwa pipeti mpaka mwisho. Zamu ziandikwe kwenye daftari la maabara, na jina la aliyeandaa kila mrija liwepo.

*Uamuzi.* Hakuna njia inayoishinda hii. Chukua dagaa waliokaushwa juani. DNA yake mara nyingi imekatikakatika, hivyo kwenye jeli ya DNA utaona ukungu unaoburuzika badala ya mstari mmoja uliosimama juu, na PCR ya kipande cha 650 inaweza kukataa kabisa. Kikundi kilichopata dagaa kinatazama jeli yake tupu huku kikundi cha sangara mbichi kimepata mstari mzuri. Wafanye nini? Wapunguze kiasi cha DNA, kwa kuwa huenda kuna vitu vinavyozuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA? Watoe upya? Watafute praima za kipande kifupi cha jozi 100 hadi 200? Kila chaguo lina gharama na lina mrija wa kulithibitisha. Saa moja ya mjadala huo, kwa Kiswahili, wakiwa wamezunguka picha moja ya jeli, inafundisha kuliko vipindi kadhaa vya kusomewa.

*Gharama na ugavi.* Unahitaji aina chache za vitendanishi, lakini kwa wingi na kwa wakati. Hesabu yenyewe haitishi. Wanafunzi 60 kwa wannewanne ni vikundi 15; kila kikundi mirija minne, yaani sampuli mbili, mrija wa DNA inayojulikana na mrija wa maji. Jumla mirija 60, inayoingia yote kwenye mashine ya visima 96. Kwa mikrolita 25 kila mmoja, darasa zima linatumia mililita moja na nusu ya mchanganyiko kwa awamu. Kinachouma ni kusoma mfuatano, kwa kuwa sampuli hutumwa mbali, mara nyingi nje ya nchi, pamoja na makaratasi ya vibali. Njia ya kuukwepa ipo: kata kipande kilichozalishwa kwa kimeng'enya kinachotambua mfuatano uliopo kwa sangara na usiopo kwa sato, halafu hesabu vipande kwenye jeli. Jibu linapatikana hapahapa chuoni, jioni hiyohiyo.

Umeme ndio adui. Mizunguko 35 ya PCR huchukua karibu saa mbili, na mkatiko katikati unaweza kuharibu kazi ya darasa zima kwa mpigo. Betri ya kuhimili mashine ya PCR peke yake ni uwekezaji wa kwanza ninaoushauri, kabla ya kamera ya jeli na kabla ya pipeti mpya. Kuhusu ubaridi, Mwanza tuna bahati: barafu ya kuhifadhia samaki haiko mbali, nayo inatosha kabisa kwa mirija iliyo mezani. Polimerasi inataka nyuzi 20 chini ya sifuri, na barafu tupu haifiki huko. Ichanganye na chumvi kwa wingi ndani ya boksi la baridi, itashuka kukaribia kiwango hicho, na friza ikizimika unaweza kujinusuru kwa saa kadhaa.

*Mzigo.* Ni mkubwa, na idara nyingi huukadiria chini ya ulivyo. Vikundi 15 vinakuwa na matatizo 15 tofauti wiki ileile. Bila mtaalamu wa maabara mwenye uzoefu, au wasaidizi kutoka wanafunzi wa uzamili, mwalimu mmoja atazidiwa ifikapo wiki ya tano. Tathmini nayo inabadilika: huwezi kumpa alama mwanafunzi kwa kupata mstari kwenye jeli. Unampa kwa daftari lake, kwa mirija ya udhibiti aliyoiweka (wa maji na wa DNA inayojulikana), na kwa maelezo ya kilichoshindikana.

*Usalama na maadili.* Mambo mawili yasipuuzwe kabisa. Kwanza, mradi wa konokono wa kichocho unavutia sana ziwani kwetu, lakini kuingia kwenye maji ya ufukweni kukusanya konokono ni kujiweka katika hatari ya kichocho chenyewe. Bila buti ndefu, glovu nzito na mtu mwenye uzoefu, nunueni samaki. Pili, msitumie DNA ya wanafunzi wenyewe kwa kisingizio kwamba ni rahisi kuipata mdomoni. Jeni la selimundu ni mfano mzuri wa vitabuni, badiliko la herufi moja linalofuta mahali pa kukatwa na kimeng'enya. Lakini selimundu imeenea Kanda ya Ziwa, na katika darasa la 60 karibu hakika wapo wanaobeba vinasaba vyake bila kujua. Hakuna kijana anayestahili kuambiwa habari hiyo na jeli ya darasani, mbele ya wenzake, bila ridhaa wala ushauri nasaha.

Mradi unawafaa wanafunzi wa mwaka wa tatu, wanaoelekea kwenye utafiti, uvuvi, uhifadhi au shahada ya pili. Kwa Mwanza kuna faida ya ziada: kituo cha NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu) na kile cha TAFIRI (utafiti wa uvuvi) viko mjini humuhumu, na swali linaloihusu kazi ya watafiti wa jirani linaweza kumfungulia mwanafunzi mlango wa mafunzo ya vitendo.

Njia ya tatu: maabara ya kompyuta pamoja na maonyesho

Mwanafunzi anafanya PCR na jeli kwenye skrini, anachambua mifuatano halisi kutoka hazina za umma, na mwalimu anaonyesha kifaa halisi mara moja au mbili. Wapo wanaoiona kuwa njia ya waliokosa. Sikubaliani nao, ingawa pengo lake ni la kweli.

*Mikono.* Hakuna, na tusijidanganye. Kubofya pipeti kwenye skrini hakumfundishi mtu kituo cha kwanza na cha pili. Chuo Kikuu cha Utah kina mazoezi ya bure mtandaoni ya kutoa DNA, PCR na jeli, nayo ni mazuri kumwandaa mwanafunzi kabla ya kuingia maabara. Baada ya hapo lazima aingie.

*Uamuzi.* Inaweza kuwa na nguvu kuliko mazoezi ya kila wiki, ikiandaliwa vizuri. Kusanya picha za jeli zilizoharibika kutoka miaka iliyopita, maana kila maabara inazo: jeli yenye mstari kwenye mrija wa maji, yenye ukungu, yenye mstari hafifu chini kabisa unaotokana na praima kushikana zenyewe, yenye ngazi ya vipimo tu (vipande vya ukubwa unaojulikana vya kulinganishia) na visima vingine vitupu. Kila kikundi kipewe picha na daftari la aliyeifanya, kitafute chanzo. Upande wa mifuatano, mwanafunzi anaweza kuchukua COI ya sangara na ya sato, akazipanga sambamba, akatafuta mifuatano inayofanana nazo kwa BLAST, akachora mti wa nasaba kwa programu ya bure ya MEGA, na akabuni mwenyewe praima pamoja na kimeng'enya cha kuzitenganisha. Hiyo ni kazi ileile ambayo mtafiti huifanya kabla ya kuagiza chochote.

*Gharama na ugavi.* Ndogo kwa vitendanishi, lakini si bure. Unahitaji kompyuta zinazofanya kazi na intaneti, na ikiwa mwanafunzi anatumia bando lake mwenyewe hosteli, umemhamishia gharama. Pakua mifuatano na programu mapema, uziweke kwenye flashi. Umeme ukikatika hakuna sampuli inayoharibika.

*Mzigo.* Mzito mwanzoni, mwepesi miaka inayofuata, kwa sababu mazoezi yanatumika tena. Kunakili nako ni rahisi; kila kikundi kipewe mfuatano wake.

*Usalama.* Hakuna la kuhofia maabara. Kwa maadili, tumia data za umma ambazo haziwezi kumtambulisha mtu.

Inawafaa walimu wa sekondari walio masomoni, ambao watarudi shule zisizo na mashine hata moja, wanafunzi wa masomo ya mbali, na idara inayosubiri vifaa. Inamfaa pia mwanafunzi anayeipenda biolojia lakini mustakabali wake uko kwenye kuchambua data.

Uchague ipi, kwa hali gani

Kama darasa lako linazidi 80 na una mtaalamu mmoja wa maabara, anza na mazoezi ya kila wiki kwa vituo vinavyozunguka, na uache nafasi wazi kwenye miongozo. Punguza idadi ya mbinu. Ni heri pipeti, kutoa DNA, PCR na jeli vikarudiwa mara mbili kuliko mbinu nane kupitiwa mara moja.

Kama una darasa la mwaka wa tatu lisilozidi 40, betri ya mashine ya PCR, na angalau msaidizi mmoja anayejua kazi, fanya mradi. Jaribu mwenyewe njia nzima likizoni, kuanzia sampuli ya sokoni hadi jeli ya mwisho, kabla ya kuwapa wanafunzi.

Kama wanafunzi wako ni wa maabara za afya, wafundishe kwa mazoezi, lakini ongeza wiki mbili za picha za jeli zilizoharibika na grafu za vipimo vilivyoshindwa. Hospitalini watakuta mashine iliyofungwa inayotoa jibu tayari, na wasipozoea kulihoji jibu hawatapata mahali pengine pa kujifunzia.

Kama mashine imeharibika au vitendanishi havitafika muhula huu, nenda kwenye kompyuta bila aibu, ila wape pipeti na mizani. Unaweza pia kufikiria LAMP, njia ya kuzalisha DNA kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65 iliyochapishwa mwaka 2000. Haihitaji mashine ya PCR, bafu ya maji yenye kipimajoto kizuri inatosha, ingawa praima zake ni nyingi na kuzibuni ni kazi, na ni nyepesi mno kuchafuka ukifungua mirija hovyo.

Na kama unaweza kuchanganya, mpangilio ninaoupenda ni huu: wiki nne za mazoezi ya mikono, wiki mbili za kompyuta ambamo wanafunzi wanabuni jaribio lao la kutambua samaki, kisha wiki zilizobaki walifanye. Praima walizobuni hazitafika kwa wakati ukiagiza baada ya wiki ya sita, kwa hiyo agiza zako zilizojaribiwa kabla muhula uliotangulia haujafungwa. Watakapomaliza kubuni, wape kazi ya kulinganisha praima zao na zako na kusema zipi wangezichagua.